Chimba Kabla ya Maji Kufika

Anayejenga Chara hana mwamba. Chimba shimo la nguzo katika nchi hii tambarare iliyo chini ya Garsen, ambako Mto Tana unakaribia bahari, na utakuta udongo mzito unaonata, chini yake udongo mwingine, kisha maji. Ardhi yote hii ni mzigo wa mto. Mto umeibeba kidogo kidogo kutoka miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, ukaishusha hapa kwa maelfu ya miaka, na kila masika na vuli waweza kurudi kuidai mali yake. Mtu wa delta anaweza kuhesabu umri wake kwa mafuriko. Mzee anayo ya 1961, mtu wa makamo anayo ya El Niño ya 1997 na 1998, kijana anayo ya 2018, na watoto wa leo tayari wana yao, ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024.

Hata njia ya mto si ya kudumu. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, watu walichimba kwa mikono mfereji wa Belezoni, karibu na Chara, ili mitumbwi ivuke kutoka Tana kuingia Mto Ozi na kufika Kau na Kipini. Ulikuwa mfereji mwembamba wa kupitisha wafanyabiashara na mizigo yao. Baadaye mto ulianza kuufuata, ukaupanua, na mwishowe ukauacha mdomo wake wa zamani. Ndiyo maana Tana ya leo inamwaga maji yake Kipini. Mfereji uliochimbwa na mikono ya watu uliugeuza mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Sasa mchukue mtu wa mahali hapa, umketishe kanisani, umsomee mfano wa Yesu wa wajenzi wawili. Mhubiri anamwambia ajenge juu ya mwamba. Naye, kwa haki kabisa, anajiuliza: mwamba uko wapi? Je, nihame? Je, maisha ya imani ni ya watu wa milimani, waliozaliwa penye ardhi imara, wenye mshahara usiokatika na nyumba isiyoingia maji?

Makala hii inajibu swali hilo. Jibu limo ndani ya Injili yenyewe, mahali ambapo wasomaji wengi hupita haraka.

Mathayo auliza wapi, Luka auliza kina

Mfano wa wajenzi umeandikwa mara mbili, na waandishi hawa wawili hawausimulii sawasawa. Katika Mathayo sura ya 7, mwenye busara anajenga juu ya mwamba na mpumbavu anajenga juu ya mchanga. Nyuma ya maneno hayo tunaiona nchi ya Palestina, yenye makorongo yanayokauka kiangazi na kuonekana kama uwanja mzuri wa kujengea, kumbe mvua za baridi zikija korongo linakuwa mto kwa saa chache. Mpumbavu wa Mathayo amekosea kuchagua kiwanja.

Luka, katika sura ya 6, anasimulia kwa namna nyingine. Mjenzi wake wa kwanza hasifiwi kwa kuchagua kiwanja. Anasifiwa kwa kuchimba. Kigiriki cha Luka kinaweka vitenzi viwili mfululizo: alichimba, kisha akaendelea kushuka chini zaidi, mpaka akaufikia mwamba na kuweka msingi juu yake. Mjenzi wa pili hakuangukia mchangani. Alijenga juu ya ardhi ya kawaida, ila bila msingi. Na kilichozipiga nyumba hizo mbili Luka anakitaja kwa neno potamos, yaani mto.

Hapo ndipo mtu wa Chara anapoweza kuinua kichwa. Mathayo anauliza umejenga wapi. Luka anauliza umechimba kiasi gani. Kwa Luka inawezekana kabisa nyumba zote mbili zimesimama kijiji kimoja, kando ya mto mmoja, juu ya udongo uleule, na kwa macho hazitofautiani. Boriti za mikoko ni zilezile, fito ni zilezile, udongo wa ukutani na makuti ya paa ni yaleyale. Tofauti imo chini, pasipoonekana, na aliyeiweka aliiweka siku za ukavu.

Waandishi wote wawili wanakubaliana juu ya mambo matatu ambayo Mkristo hana ruhusa ya kuyasahau. Kwanza, maji yalizipiga nyumba zote mbili. Aliyechimba hakuahidiwa kiangazi cha milele. Pili, wajenzi wote wawili walisikia neno, na tofauti yao ni kwamba mmoja alilitenda. Tatu, hakuna aliyechimba msingi wakati maji yameshafika mlangoni. Kazi ya kina ni kazi ya kabla.

Mwamba, basi, ni Kristo mwenyewe na neno lake, na hauko mbali na mtu yeyote. Uko chini ya kila ardhi, hata ya Tana. Linalotakiwa ni kuufikia. Sala, imani na tumaini ni namna tatu za kuufikia na kukaa juu yake.

Sala ni kuchimba

Kuchimba ni kazi isiyo na sifa. Anayepandisha ukuta huonekana, na wapita njia humpongeza. Anayechimba hutoweka shimoni. Yesu alipofundisha sala katika Mathayo sura ya 6 alianza hapo hapo, kwa kumwambia msali aingie chumbani na kufunga mlango. Hakukataza ibada ya wengi, maana yeye mwenyewe alihudhuria sinagogi. Alikuwa akimkinga msali na hatari ya kuchimba shimo dogo mbele ya watazamaji wengi.

Kisha akatoa kielelezo, Sala ya Bwana. Wataalamu wa Agano Jipya wameichambua kwa karne nyingi, lakini mambo mawili yanatosha kwa msomaji wa kawaida. La kwanza ni kipimo chake: inaomba chakula cha siku. Haiombi ghala la mwaka mzima. Wakristo wa mwanzo walilielewa hilo kiasi kwamba Didake, kitabu kidogo cha mafundisho kutoka siku za mwanzo kabisa za Kanisa, kinawaagiza waumini kuisali mara tatu kila siku. Sala ilikuwa na saa zake kama mlo. Shimo la msingi halichimbwi kwa pigo moja kubwa la jembe. Linashuka kwa mapigo mengi madogo, na siku ukiacha, udongo unaanza kurudi ndani.

La pili ni kwamba ndani ya sala hiyo hakuna neno "mimi". Kila ombi ni la wingi: baba yetu sote, chakula chetu, madeni yetu. Hata aliyejifungia chumbani peke yake anasali pamoja na jirani zake. Wakenya wanapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengi, maana Wimbo wetu wa Taifa ni sala, na ni sala ya wingi. Tuni yake ilitoka hapa Tana, katika wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Miongoni mwa watano waliokabidhiwa kazi ya kuutunga kabla ya uhuru wa 1963 alikuwamo Thomas Kalume, mchungaji wa Pwani. Mlio ambao mama wa Kipokomo alimtuliza nao mtoto mmoja sasa unabeba ombi la taifa zima. Sala huenda hivyo: huanza ndogo, nyumbani, kwa sauti ya chini, kisha inawafikia watu ambao msali hakuwahi kuwaona.

Je, mtu asali nini wakati maji yamechukua shamba? Kuna mafundisho yanayomtaka Mkristo ashukuru tu, atabasamu, asiseme neno la uchungu lisije likaonekana ni kukosa imani. Zaburi hazifundishi hivyo. Katika zaburi 150, karibu theluthi moja ni za maombolezo, ambamo mtu anamlalamikia Mungu usoni, anamuuliza mpaka lini, anamweleza kwamba maji yamemfika shingoni. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaisha gizani. Haina hata aya moja ya kufungia kwa furaha. Waliokusanya Zaburi waliiacha kama ilivyo, ndani ya kitabu cha sala. Maana yake ni kwamba kulia mbele za Mungu ni kusali. Aliyepoteza mpunga, mbuzi au mtoto hahitaji kuficha machozi ili aonekane Mkristo.

Papo hapo ni lazima kusema kwa uwazi kwamba si kila kinachoitwa sala ni sala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kutoka makaburi ya watu walioaminishwa kwamba kufunga mpaka kufa kungewapeleka kwa Yesu. Walikuwamo watoto. Hatuwezi kuandika juu ya sala ukanda huu na kupita kando ya makaburi hayo kana kwamba hatukuyaona. Kipimo cha mfungo kimeandikwa tangu zamani, katika Isaya sura ya 58: mfungo anaoukubali Mungu unafungua vifungo vya walioonewa, unamkatia mkate mwenye njaa na kumwingiza asiye na makao nyumbani. Mfungo wa kweli unamfanya mwenye njaa ashibe. Mwalimu yeyote anayetumia jina la sala kumtenga mtu na hospitali, na shule, na jamaa zake au na chakula, huyo hachimbi msingi, anachimba kaburi. Mkimbie, na umtoe na jirani yako.

Imani ni mikono iliyoshikiliwa

Lugha yetu imetuwekea hazina ambayo tunaitumia kila siku bila kuiangalia. Imani, amini, amana, amani: maneno haya ni ndugu. Yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na mzizi huo una jamaa yake katika Kiebrania, ambamo limetoka neno tunalofungia kila sala, Amina. Maana ya ndani ya familia hii yote ni uthabiti, kitu kinachoweza kuegemewa kisiyumbe. Ukimwachia mtu amana, umemwegemea. Ukiwa na amani, una pa kuegemea. Na ukisema Amina, unasema: hapa nimesimama.

Kwa hiyo imani si nguvu ya mtu kujilazimisha kufikiri mambo mazuri. Ni kuweka uzito wako juu ya Mwingine aliye thabiti. Nguzo haijisifu kwa nguvu zake. Inakaa juu ya kilichoibeba. Mwandishi wa Waebrania, anapoieleza imani mwanzoni mwa sura ya 11, anatumia neno la Kigiriki hupostasis, ambalo kwa sehemu zake mbili ni kilichosimama chini. Ni neno linaloweza kukaa vizuri kabisa mdomoni mwa fundi wa nyumba.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote juu ya imani iko katika Kutoka sura ya 17. Waisraeli wanapigana na Waamaleki kule Refidimu. Musa yuko kilimani, mikono juu, akiomba. Mikono ikiwa juu, watu wake wanashinda, ikishuka, wanashindwa. Na mikono inachoka, maana Musa ni mzee. Basi Haruni na Huri wanamwekea jiwe akalie, kisha mmoja anasimama upande huu na mwingine upande ule, wanaishikilia mikono yake mpaka jua linatua. Maandiko yanasema mikono yake ikawa thabiti, na neno la Kiebrania lililotumika hapo ni emuna, lilelile ambalo mahali pengine linafasiriwa kuwa uaminifu au imani.

Tazama yaliyomo. Kuna sala, kuna uchovu, kuna jiwe chini ya mzee, kuna majirani wawili. Imani ya Musa siku ile ilikuwa mikono minne ya watu wengine chini ya miwili yake. Anayedhani atajenga maisha ya Kikristo peke yake, kwa redio na simu na mahubiri ya mbali, hana mtu wa kumshika mkono jua likiwa kali.

Historia ya Kanisa imelithibitisha hili kwa vitendo. Mwaka 1742, kule Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo la ibada. Wakakubaliana kugawanyika katika vikundi vya watu kama kumi na wawili, kila kikundi na kiongozi wake, ambaye angemtembelea kila mshirika kwa wiki na kukusanya peni moja. Viongozi walipozunguka waligundua jambo kubwa kuliko deni. Walikuta nyumba zenye ugomvi, ulevi, maradhi na kukata tamaa, mambo ambayo ibada ya Jumapili isingeyaonyesha kamwe. Mpango wa kulipa deni ukageuka kuwa mpango wa kutunza roho, na vikundi hivyo, vilivyokuja kuitwa madarasa, vikawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao waliifikia hekima hiyohiyo kwa njia yao: mwaka 1976 maaskofu wa ukanda huu, kupitia umoja wao, AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Mikutano ya jirani, nyumba kwa nyumba, Biblia moja katikati, na swali la kawaida kabisa: ndugu, wiki yako imekwendaje?

Je, shaka inavunja imani? Marko sura ya 9 inatuonyesha baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu, akakiri kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba anahitaji msaada kwa kutoamini kwake. Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto. Shaka iliyosemwa mbele za Mungu tayari ni sala. Shaka inayoangamiza ni ile inayofichwa mpaka inaoza.

Na imani ina masikio. Waebrania 11 inamsifu Nuhu kwa sababu alionywa juu ya maji ambayo hayajaonekana, akasikia, akajenga safina. Basi Idara ya Hali ya Hewa inapotangaza mvua kubwa, au tunapoambiwa kwamba mabwawa ya Seven Forks, kule juu mtoni, yamejaa na maji yanashuka, Mkristo anayekataa kuhama kwa madai kwamba anamtegemea Mungu hamfuati Nuhu. Anawafuata wale waliobaki nje ya safina. Kusali na kupakia mtumbwi mapema si vitu viwili vinavyopingana.

Tumaini ni kamba, tena ni shamba

Tumaini mara nyingi huchanganywa na tarajio. Tarajio linahesabu dalili: mawingu yapo, basi mvua itanyesha, mbunge ameahidi, basi barabara itajengwa. Dalili zikiondoka, tarajio linakufa. Tumaini la Kikristo halikujengwa juu ya dalili. Limefungwa kwa tendo ambalo Mungu amekwisha kulifanya, yaani kumfufua Yesu kutoka kwa wafu, na ahadi iliyotoka humo.

Neno "kufungwa" hapa si pambo. Neno mojawapo la Kiebrania la tumaini ni tikva, na neno hilo hilo ndilo la kamba. Katika Yoshua sura ya 2, kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani ili aokolewe inaitwa tikva. Anayeishi mtoni anaelewa papo hapo. Mtumbwi uliofungwa kwenye mti haukatazwi kucheza. Mkondo unauvuta, unauzungusha, mawimbi yanaupiga. Lakini asubuhi mwenyewe anaukuta pale alipouacha. Waebrania sura ya 6 inalitaja tumaini kuwa nanga ya roho, na picha ni ileile: kitu kilichofungwa mahali ambapo mkondo haufiki.

Kamba peke yake, hata hivyo, ingetufanya watu wa kusubiri tu. Biblia inaongeza shamba. Katika Yeremia sura ya 32, Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kizuizini, na nchi inakaribia kuanguka. Wakati huo Yeremia ananunua shamba la jamaa yake kule Anathothi, kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha kwa mizani, anaandika hati, anaita mashahidi, kisha anaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelinunua shamba lile siku ile. Yeremia analinunua kwa sababu Mungu amesema watu watanunua tena nyumba na mashamba na mizabibu katika nchi hiyo. Tumaini lake lina bei, lina mashahidi, lina karatasi.

Mkulima wa Tana analijua tendo hili kwa mwili wake. Mafuriko yanapoondoka huacha tope, na kwa vizazi vingi Wapokomo wamepanda mpunga, mahindi na ndizi katika tope hilo. Sisemi kwamba kila mafuriko ni baraka. Aliyezika mtu wake asiambiwe hivyo na yeyote. Nasema kwamba aliyesimama katika shamba lililosafishwa na maji, akainama na kuweka mche, amefanya jambo lilelile alilofanya Yeremia.

Ukristo wenyewe ulipandwa mtoni hivyo hivyo. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa akiwa na nia ya kuwafikia Waoromo, ambao jamaa zao ni Waorma wa Tana hii. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi Julai mke wake Rosine alifariki, na binti yao aliyezaliwa siku chache kabla akafariki pia. Krapf aliwazika bara, mkabala na kisiwa, akarudi kwenye kazi ya tafsiri. Wamethodisti waliofika Ribe mwaka 1862 walikuwa na nia hiyohiyo, na katikati ya miaka ya 1880 walifungua kituo Golbanti, kando ya Tana. Mei 1886 wamisionari John na Annie Houghton waliuawa hapo, pamoja na watu wengine wa kituo, kundi la Wamaasai lilipokishambulia. Kwa hesabu ya tarajio, kazi ile ilikwisha siku ile. Mwaka uliofuata, 1887, misheni ya Neukirchen kutoka Ujerumani ilianza kazi Ngao, mwendo mfupi kutoka makaburi ya Golbanti. Kutoka Ngao yakaja mafundisho, matibabu, na Maandiko kwa Kipokomo. Si kila alichofanya mmisionari kilikuwa chema, na wengi walitembea kwenye kivuli cha dola zilizokuja kuitawala nchi. Lakini mbegu ilipandwa katika tope la msiba, na Wapokomo wenyewe ndio walioilima mpaka leo.

Jaribio kubwa la tumaini katika kizazi chetu halikuletwa na maji. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo, walio wakulima, na Waorma, walio wafugaji. Riketa, Kilelengwani, Kipao: majina haya ya vijiji yakawa majina ya misiba. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, malisho, na njia za mifugo kufika mtoni, ukachochewa na siasa. Tangu hapo, Mkristo wa delta anayesema ana tumaini anaulizwa swali moja tu: unamtazamaje jirani yako? Barua ambayo Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli, katika sura ya 29, inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wazae watoto, na wautafutie amani mji walimo na kuuombea, kwa sababu katika amani ya mji huo nao watapata amani yao. Mji huo ulikuwa wa waliowateka. Basi Mkristo wa Chara anaombea mvua ya Mwislamu na malisho ya mfugaji, na akiisha kusema Amina anakwenda kuketi na wazee wa pande zote mbili kukubaliana juu ya njia ya ng'ombe kufika majini. Tumaini lisilomjumuisha jirani ni kamba iliyofungwa kwenye mtumbwi wenyewe.

Pa kuanzia

Wathesalonike wa Kwanza, barua inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za Paulo, iliyoandikwa yapata mwaka 50, inafungua kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya waumini, kwa kazi ya imani yao, taabu ya upendo wao na uvumilivu wa tumaini lao. Kazi, taabu, uvumilivu: hayo ni maneno ya shambani na ya ujenzi. Kwa hiyo sikupi siri yoyote, msomaji. Nakupa kazi ndogo.

Chagua saa moja ya siku ambayo itakuwa ya Mungu, hata ikiwa ni ya dakika kumi, kabla ya jembe au kabla ya simu. Isali Sala ya Bwana polepole, na katika neno "yetu" umtaje mtu mmoja kwa jina. Soma zaburi moja kwa siku, bila kuruka za machozi. Tafuta watu wawili au watatu, kama Haruni na Huri, mkutane kila wiki, mwulizane hali kwa kweli, na msiachane mmoja wenu akianza kulegea. Kila mwezi fanya tendo moja la shamba la Anathothi: panda mti, mrudishe mtoto shule, lipa deni la zamani, msamehe jirani mbele ya mashahidi. Ukianguka katikati ya wiki, usianze upya kwa hotuba ndefu. Chukua jembe, endelea ulipoachia.

Belezoni ulianza kwa mikono ya watu, na leo Tana nzima inapita humo. Masika yatakuja, na mto haujawahi kuomba ruhusa. Kama leo udongo wako ni mkavu na nyumba yako imetulia, usingoje. Chimba.